Shemeji Kaleta Nadharia

Kuna watu wakisikia maneno mawili yanafanana, tayari wameshafungisha undugu. Mababu walitoka pamoja, wakagawana njia kwenye mto fulani, mmoja akaelekea kusini, mwingine akapanda jahazi. Nyumbani kwetu yupo mmoja wa aina hiyo, na bahati mbaya ni mume wa dada yangu mkubwa, kwa hiyo siwezi kumwambia anyamaze.

Shemeji alifanya kazi ya ulinzi Doha. Chumba kimoja alilala na Mzimbabwe na Msri Lanka, na mkataba ulipokwisha akarudi na televisheni kubwa na nadharia. Televisheni inatusaidia. Nadharia ni kwamba Kishona na Kisinhala ni lugha moja iliyokatwa na bahari. Ushahidi wake? Wenzake wote wawili walikuwa wanatamka “mb” na “nd” kama sisi. Tena yule wa Sri Lanka akihesabu anasema eka, deka, tuna. “Tuna, shem! Hicho si Kiswahili hicho?” Majirani wanatikisa vichwa kukubali. Mwenye televisheni kubwa hapingwi, hasa ligi ikiwa imepamba moto.

Linaloniudhi zaidi ni hadithi ya mama. Shemeji anasimulia kwa huruma jinsi yule kijana wa Sri Lanka alivyompenda mzazi wake. Akitoka: “mama yanava”. Akila: “mama kanava”. Hata usiku kabla ya kulala, mama. Shemeji akawa anampa pole na kumgawia chai. Sasa, kwa Kisinhala “mama” ni mimi. Mtu anaaga kwamba anakwenda dukani, mwenzake anamfariji kwa msiba wa mzazi aliye hai kabisa kijijini kwao.

Hapo kwenye “mb” na “nd” nampa nusu ya haki yake. Kisinhala kilitoka kaskazini ya India zaidi ya miaka 2000 iliyopita, ni ndugu wa Kihindi na Kibengali, na ukifuata ukoo mpaka mbali unakutana na Kiajemi na hata Kiingereza. Nduguze wengi wa bara hawana hizo sauti za kuunganisha pua na mdomo kwa namna yake. Wanaofanana naye hapo ni watu wa Maldives. Sikio la shemeji lilidaka kitu cha kweli. Tatizo ni kwamba alikidaka akakimbia nacho.

Angeuliza habari za miti. Sisi tunasema miti mikubwa miwili imeanguka. Mshona anasema “miti mikuru miviri yawa”. Hiyo “mi” inavyoburutwa kutoka neno hadi neno, mpaka kitendo nacho kinalazimika kuitii, ndiyo damu yenyewe ya Kibantu. Munhu wao ni mtu wetu, vanhu ni watu, chinhu ni kitu. Kisinhala hakina shida hizo. “Loku” ni kubwa, mti uwe mmoja au msitu mzima. Na ile “yanava” haijali anayekwenda ni mimi, wewe au ukoo wote. Kioja zaidi, mti ni “gaha” na miti ni “gas”. Kitabu ni “pota”, vitabu ni “pot”. Vitu vinaongezeka, neno linapungua. Ningekuwa na lugha hiyo siku ya kutaja idadi ya wageni waliokuja kutazama mpira na kula ubwabwa wa dada.

Upande wa Kishona nao una balaa lake, nalo ni mluzi. Zile “sv” na “zv” hutamkwa midomo ikiwa imebanwa kana kwamba unamwita mbwa. Fika yetu kwao ni “svika”, vitu ni “zvinhu”. Ni sauti adimu duniani. Clement Doke, aliyepewa kazi ya kuunganisha maandishi ya lahaja za Kishona, alipendekeza mwaka 1931 herufi za pekee kwa ajili yake. Baadaye zikaachwa, ikabaki sv na zv. Shemeji hutufundisha sauti hiyo wakati wa chai, na aliyekaa mbele yake huondoka ameoga. Ukimtafutia Msinhala mluzi huo hutaupata, lakini nani atamwambia?

Halafu kuna suala la meza, ambalo lilikuwa mbele ya pua yake miaka yote ya Doha. Sisi tunasema meza, Msinhala anasema “mese”. Sisi leso, yeye “lensuva”. Mreno alifika Malindi mwaka 1498, akafika Sri Lanka 1505, na kila alipotia nanga aliacha fanicha, vitambaa na ugomvi. Mshona meza yake anaiita “tafura”, kutoka Kiafrikaans. Kwa hiyo mezani ni mimi na Msinhala tulio jamaa, na binamu yangu wa damu ndiye mgeni.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilimtafutia shemeji kitu ambacho Kishona na Kisinhala wamechangia kweli. Nikakipata: Mholanzi. Kiafrikaans kilichozaa “tafura” ni mtoto wa Kiholanzi, na Waholanzi waliomfukuza Mreno Sri Lanka waliwaachia Wasinhala neno “artapal”, yaani viazi. Mmoja kapewa meza, mwingine kapewa cha kuwekwa juu yake. Nilimweleza shemeji taratibu, mbele ya dada, kwamba huo ni urithi wa wakoloni na hauhusiani na babu yeyote. Akapiga paja: “Si nilisema mimi ni ndugu!” Sasa nadharia ina ushahidi wa tatu, na mtafiti aliyetajwa ni mimi.

Kishona ni binamu yetu. Madereva wanaopeleka malori Harare kupitia Tunduma wanalijua hilo bila darasa. Kisinhala ni jirani wa ng’ambo ya bahari, tena jirani mwema. Basi, msomaji, ukikutana na Mzimbabwe usikimbilie Kiingereza. Mtajie polepole mtu, miti, nyama, kumi. Atakurudishia munhu, miti, nyama, gumi. Na Msinhala akikwambia “mama yanava”, usimpe pole. Mpishe njia.