Mwongozo wa Mwalimu Mpya wa Nidhamu

Hongera kwa uteuzi, mwalimu. Umepewa ofisi iliyo jirani na stoo, kabati lisilofunga na fimbo mbili alizoziacha mtangulizi wako. Kuanzia leo wewe ndiye mwalimu wa nidhamu wa sekondari ya bweni, na nimeona nikuandalie maelekezo kidogo, maana chuoni hawakukufundisha kazi hii. Walikufundisha saikolojia ya elimu. Isahau.

Kitu cha kwanza ni kanuni, na kanuni za shule hazitungwi kwa kikao. Mwanafunzi mmoja anafanya jambo, mwalimu mmoja anakereka, na kesho yake asubuhi mstarini inatangazwa kwamba kuanzia sasa ni marufuku. Umemwona kijana kafunga sweta kiunoni? Marufuku. Wasichana wawili wamecheka kwa sauti karibu na jengo la utawala? Marufuku kupita karibu na jengo la utawala. Ukishaitangaza, usiifute hata aliyeisababisha akishamaliza kidato cha sita, akaoa na kuleta mtoto wake shuleni hapohapo. Kanuni ambayo hakuna anayekumbuka chanzo chake ndiyo imara kuliko zote, kwa sababu haina hoja ya kubishaniwa.

Ukiziandika, zichanganye. Hapa ndipo ufundi ulipo. Kuna kanuni ambazo hata mwanafunzi mtundu anazikubali: asivute bangi, asiibe, asipige mtu, awahi darasani. Hizo zisikae peke yake. Iweke bangi katika mstari mmoja na soksi za rangi, na wizi uufuatanishe na kuchana nywele mtindo usioruhusiwa, kisha zote uzipe jina moja: utovu wa nidhamu. Siku mzazi atakapouliza kosa la soksi ni nini, utamtazama kwa masikitiko umuulize kama anataka shule iwe kijiwe cha wavuta bangi. Nimeona wazazi wenye shahada wakiomba radhi hapohapo.

Kanuni zote ziweke mwishoni mwa fomu ya kujiunga. Mzazi akiipokea fomu ile, macho yake yote yako kwenye orodha: godoro, tranka, ndoo mbili, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, shuka za rangi ambayo haipatikani ila kwenye duka moja karibu na shule. Akifika ukurasa wa mwisho anapiga hesabu za mkopo, haki za mtoto zitamjia saa ngapi? Anasaini. Mtoto naye anasaini. Fomu inarudi kwako, inaingia kabatini, na nakala haitoki. Mwanafunzi mwenye nakala ni hatari; anaweza kukuonyesha kwamba kanuni ya kumi na saba haisemi ulivyoisema jana mstarini.

Sasa tuje kwenye nywele. Hili ni eneo lenye mavuno kuliko yote, kwa kuwa nywele huota kila siku na wewe hukosi kazi. Weka ukaguzi Jumatatu. Andaa sababu tatu za kunyoa: chawa, kupoteza muda wa kujisomea, na usawa kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini. Usizitoe zote kwa pamoja. Daktari akiuliza, mpe chawa. Mzazi, mpe muda. Mwandishi wa habari, mpe usawa. Msichana atakayetaka kujua kwa nini chawa hawawasumbui walimu wa kike wenye rasta mpaka mgongoni, huyo tayari ana kosa jingine, nitalieleza baadaye.

Kwa aliyekaidi kunyoa, usimnyoe kichwa kizima. Chukua mkasi, mpitishie njia moja tu katikati, kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, kisha mwache aende darasani. Asubuhi nzima atakaa dawati la nyuma ameinamia daftari, akijibu “sijui” hata swali analolijua, ili mwalimu wa hesabu asimwite ubaoni. Jioni atanyoa mwenyewe zilizobaki. Watumiao njia hii wanasema inafundisha utii, na hakika kuna kitu inafundisha.

Tahadhari moja. Huko Nairobi, shule moja ya Kibera ilimzuia msichana wa kidato cha kwanza kwa sababu ya misokoto ya nywele zake. Yeye na familia yake ni Marastafari. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba nywele zile ni sehemu ya imani ya mtoto, arudishwe darasani. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, hakikisha mzazi hajui njia ya mahakamani.

Suruali zisikusumbue. Kipimo cha modo, yaani suruali ya kubana, ni chupa ya soda: isipopenya kati ya goti na kitambaa, suruali inachanwa. Tuendelee.

Lugha inahitaji moyo mgumu zaidi. Shule yako lazima iwe na ubao getini unaotangaza, kwa Kiingereza, kwamba hapa huzungumzwa Kiingereza tu. Atakayekamatwa akisema Kiswahili avishwe kibao shingoni, na hakivui mpaka amnase mwenzake. Mtindo huu hukuubuni wewe, kwa hiyo usijisifu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliueleza katika kitabu chake cha 1986, akikumbuka watoto wa Kenya ya mkoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu. Mkoloni aliondoka, kibao kikabaki, na kwetu kinakamata lugha ya taifa. Faida yake ni kubwa: darasa zima linanyamaza. Wageni wakija watadhani ni usikivu.

Kila Julai 7, hata hivyo, badili gia. UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na barua ya wilaya itakutaka uandae ngonjera. Chagua wanafunzi wenye Kiswahili kizuri. Kuwapata ni rahisi, angalia ni nani amevaa kibao mara nyingi. Wavishe kanga, waimbe sifa za lugha adhimu mbele ya mgeni rasmi, wapige picha. Julai 8 kibao kinarudi shingoni. Na kama kuna mjuaji wa kukukumbusha kwamba Sera ya Elimu ya 2014 iliruhusu Kiswahili nacho kitumike kufundishia, mjibu kwamba sera ni ya Dodoma na hapa ni shuleni.

Simu ni marufuku, na safari hii sababu zipo: picha chafu, kamari, usingizi darasani. Mimi mwenyewe sizipingi. Ila kuna faida ambayo haiandikwi kwenye fomu. Oktoba 2016 ilisambaa nchi nzima video ya mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya akipigwa na walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kundi la watu wazima kwa mtoto mmoja, ngumi na mateke. Mawaziri walitoka hadharani, hatua zikachukuliwa upesi. Iliwezekana kwa sababu mtu mmoja alikuwa na simu. Umenielewa.

Kuhusu wasichana na upimaji wa mimba, wengi watakushauri uendelee kama zamani: mstari mmoja, muuguzi mmoja, wote wapime, aliyekutwa nayo afungashe tranka siku hiyohiyo. Inabidi nikuambie kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema anayepata mimba harudi shuleni. Novemba 24, 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba anarudi. Na mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, iliyo chini ya Umoja wa Afrika, ikaiambia Tanzania iache kuwapima wasichana kwa lazima. Ukitaka kuendelea na mila ya zamani, basi usimwambie mtu lolote kati ya haya. Msichana atajifukuza mwenyewe kwa aibu, na kwenye rejesta utaandika “mtoro”. Mwanaume aliyempa mimba hana haja ya kuandikwa popote. Yeye si mwanafunzi wetu, na mara nyingine anakuwa mtu tunayekunywa naye chai.

Sasa fimbo. Hapa soma taratibu, kwa kuwa hapa ndipo sheria imetuingilia kazini.

Ukiwauliza walimu kumi kama viboko vinaruhusiwa Tanzania, wote watasema ndiyo, na ni kweli. Waulize vinaruhusiwa vipi, utasikia kikohozi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, Tangazo la Serikali namba 294, zinasema viboko ni kwa makosa makubwa. Havizidi vinne kwa tukio. Anayepiga ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu huyo kwa maandishi, tena kwa kila adhabu. Msichana hupigwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina hata mmoja. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyepiga, halafu mkuu wa shule asaini.

Hebu tufanye hesabu. Asubuhi moja ya mvua wanafunzi arobaini wamechelewa mstarini. Ukiamua kwamba kuchelewa ni kosa kubwa na ukafuata kanuni, unahitaji idhini arobaini, viboko visivyozidi mia moja sitini, na saini arobaini za mkuu wa shule, ambaye saa hiyo yuko wilayani kwenye semina. Mpaka umalize, kengele ya chai imegonga. Ndiyo maana shule nyingi zimechagua njia fupi: mwalimu wa zamu anasimama getini na fimbo yake, kila apitaye anapata chake, na daftari linabaki jeupe. Mkaguzi akija utamwonyesha daftari jeupe kama ushahidi kwamba shule yako haina utovu wa nidhamu.

Idadi nayo ina mlango wa nyuma. Kuchelewa, vinne. Shati halijachomekwa, vinne. Alipopigwa alitoa mkono kujikinga, vinne vingine. Kumi na viwili, na hujazidisha popote.

Kwa jirani zetu wa Kenya njia hizi zimefungwa. Walipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza uzi: mwalimu anayempiga mwanafunzi au kumtesa kisaikolojia anaweza kutozwa hadi shilingi laki moja au kufungwa miezi sita, au vyote viwili. Ukipata nafasi ya kuwatembelea wenzetu wa huko, waulize wanavyofanya. Wapo watakaokwambia wanazungumza na wanafunzi, na wapo watakaokuonyesha fimbo nyuma ya mlango.

Nilikuahidi lile kosa jingine. Linaitwa kiburi, na ndilo mama wa makosa yote. Mwanafunzi akikaa kimya unapomuuliza, ni kiburi. Akijibu, anajibizana na mwalimu. Akilia, anajifanya, asipolia, sugu. Na akiuliza “kwa nini?”, usimpe sababu, mpe methali. Samaki mkunje angali mbichi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mzazi akiwepo, ongeza mchelea mwana kulia hulia yeye. Waliotuachia maneno haya walikuwa na hekima, ila hawakuwahi kusema samaki akunjwe mpaka avunjike, na hilo wewe huna haja ya kulitaja.

Utasikia pia kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Usiogope. Weka sanduku la maoni ukutani, lipake rangi ya bluu, ufunguo ushike wewe. Kila Ijumaa lifungue, linganisha mwandiko na madaftari ya insha, uwaite wahusika mmojammoja. Kufikia muhula wa pili sanduku litakuwa tupu, na kwenye ripoti utaandika kwamba wanafunzi wameridhika.

Kinachonishangaza bado ni kwamba haki hizi tunawafundisha sisi wenyewe. Kwa miaka mingi kidato cha kwanza wamesoma haki za binadamu kwenye somo la Uraia, wakazikariri, wakaulizwa kuzitaja. Anayezitaja kwenye mtihani anapata alama. Anayezitaja mstarini anapata kwanja na eneo la kufyeka nyuma ya bweni mpaka jua lizame, wenzake wakimchungulia dirishani.

Mwisho, ulinde mwongozo huu. Ukiangukia mikononi mwa mzazi, namsihi asifike shuleni siku ya kutembelea wanafunzi na kumwomba mkuu wa shule, kwa adabu, amwonyeshe vitu viwili: nakala ya kanuni alizosaini, na daftari la viboko la mwaka huu. Fomu ina saini yake. Daftari liliamriwa kuwepo tangu 2002, na lazima liwe na majina. Akiambiwa halipo, aombe jibu hilo kwa maandishi.