Heko, Vumbi la Buna

Vumbi la Buna, huku Wajir, halina rafiki. Dereva hulilaani, abiria hulipangusa kwa leso, na mwenye duka hurudishia mlango lori linapopita kwenda Moyale. Hata hivyo, katika biashara ya magari yaliyotumika, hakuna mkaguzi mwaminifu kulishinda. Halili hongo wala haliombi chai.

Dalali wa Garissa au Nairobi ana maji, sabuni na dawa ya kung'arisha matairi. Odomita ya dijitali nayo, fundi mwenye kompyuta huirudisha nyuma kwa dakika chache. Vumbi halirudishwi nyuma na mtu. Linakuwa limeshajibanza pale ambapo mpira wa maji haufiki, likingoja kuulizwa. Mnunuzi auvute mkanda wa kiti mpaka mwisho: kile kipande kinachojikunja ndani hakuna anayekumbuka kukifua. Kikitoka na rangi ya udongo, na huku dalali anaapa kwamba gari lilikuwa la mama mmoja wa Nairobi, la kwendea kazini tu, basi mama huyo alikuwa akifanyia kazi mbali sana. Baada ya hapo ainue zulia la buti, atoe gurudumu la akiba, apitishe kidole kwenye raba za milango.

Kazi tukufu zaidi ya vumbi iko ndani ya injini. Filta ya hewa ikichanika, au bomba lake likilegea, chembe za mchanga huingia kwenye silinda na kusugua ringi za pistoni. Injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Mnunuzi afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukifuka hapo kwa nguvu, bei ishuke au safari iishie hapo. Na aikute injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mgeni kufika ana jambo.

Wivu wa pwani haukosekani. Mombasa hewa ya chumvi hutafuna mabati, ilhali ukame wa Wajir huchelewesha kutu, kwa hiyo Land Cruiser kuukuu ya huku yaweza kuwa na bodi nzima juu ya bushi na shokamzoba zilizomalizwa na makunyanzi ya barabara ya changarawe. Vumbi limehifadhi sura, barabara imekula miguu.

Tope ni ndugu yake wa mama mmoja, na lenyewe lina ushahidi wake. Novemba 2023 mvua za El Niño zilifurisha mto Tana na kukata barabara ya Garissa pale Mororo. Gari lililozama huoshwa likapendeza, lakini tope hukaukia kwenye viungio vya nyaya chini ya dashibodi, ndani ya taa na kwenye reli za viti, ambako kutu nayo huchipuka.

Kasoro yake ni moja: vumbi halijui kusoma. Haliwezi kumwambia mtu kama gari lina deni la benki, au kama anayeliuza si mwenyewe. Kwa hilo mnunuzi aingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, atafute rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, kwa namba ya usajili, kisha ainame alinganishe namba ya chesisi na iliyo kwenye kitabu cha gari, kabla ya kutuma hata shilingi moja.