Barua ya Wazi kwa Bodi ya Hakimiliki: Naomba Kujua Kama Mimi Ni Mwizi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Bwakire buya. Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi huku Kisii. Nimeitumia bila malipo kwa sababu aliyeitunga hajajitokeza kuisajili kwenu. Siku akijitokeza, nitumie bili.

Mimi ni mkazi wa Nyanchwa, mlimani juu ya mji wa Kisii, pale Waadventista walipojenga misheni yao zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ni mtaa wa watu wenye heshima zao. Siku ya Sabato hata jogoo huwika kwa adabu. Nayataja haya mapema ili usije ukanidhania mhalifu wa kuzaliwa.

Tatizo langu limo kwenye simu. Humo mna benga ya Christopher Monyoncho, mna kwaya, mna rumba ya Kongo ya enzi za baba, na mna video za msanii Embarambamba akigaagaa matopeni, ambazo mama watoto amesema nikizicheza tena sebuleni nitafute pa kulala. Nyingine nilizipakua mwenyewe usiku, bando la bei nafuu lilipofunguka. Nyingine niliwekewa na kijana wa muvi. Sijauza hata moja. Lakini kila mara nasikia redioni kwamba maharamia wanawaua wasanii wetu, na nikijitazama kwenye kioo wakati wa kunyoa, nashindwa kujitetea.

Basi nikaamua kuisoma sheria yenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika 2003, ikarekebishwa 2019, ikarekebishwa tena 2022. Nikakuta inaruhusu mtu kutumia kazi ya mwingine kwa njia ya haki katika utafiti wa kisayansi, uhakiki, kutangaza habari na, shukuru Mungu, matumizi ya binafsi. Usiku huo nililala fofofo. Asubuhi nikarudia kusoma nikaona sharti lililoning'inia mwishoni: chanzo kitajwe. Tangu siku hiyo najitahidi kuwa raia mwema. Nikiwa bafuni, gitaa likianza tu, natangaza kwa sauti, "Huyu ni Christopher Monyoncho!" ndipo napaka sabuni. Wapangaji wenzangu wamezoea, isipokuwa mmoja aliyemuuliza mama watoto kama nimeonwa na daktari.

Hata hivyo yako mambo sheria imeniachia nihangaike nayo peke yangu. Je, wimbo ninaoupakua ni lazima utoke kwa mtu aliyeruhusiwa na msanii, au hata ukitoka kwa mwizi, mradi mimi nausikiliza binafsi, tumesameheana? Wenzetu wa Uholanzi waliwaachia raia wapakue kwa matumizi yao bila kuulizana umetoka wapi, mpaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ilipowaambia kwamba ruhusa ya nakala binafsi haigeuzi mali ya wizi kuwa halali. Sisi wa Nyanchwa tuko upande gani? Sitaki kusikia kwamba jibu liko Luxembourg.

Na ubinafsi wenyewe unaishia wapi? Nyumba yangu ni ya mabati. Nikicheza rumba chumbani, jirani wa kushoto anaisikia, wa kulia anaicheza, na mama mboga aliye chini ya mteremko anaitikia. Hayo bado ni matumizi ya binafsi, au tayari nimefanya onyesho la hadhara ninalopaswa kulikatia leseni kama matatu na kinyozi? Na tukizika? Unajua mazishi ya Wakisii, Mheshimiwa: spika zinapangwa tangu jioni, na wanakijiji wa ng'ambo ya mto wanajua ratiba nzima bila kuhudhuria. Familia iliyofiwa imkatie marehemu leseni pamoja na kibali cha mazishi?

Sasa nikupeleke kwa kijana wa muvi. Kibanda chake kina upana wa mlango mmoja. Kwenye ubao ameandika kwa mkono: MUVI, NYIMBO, PICHA ZA PASPOTI, KRA PIN. Kibodi yake imefutika herufi A na E, lakini vidole vyake vinajua zilipokuwa. Unampa flashi, anaisafisha virusi, anafungua folda zake: Kwaya, Benga, Rumba, Kihindi Imetafsiriwa. Anakuuliza, "Mzee, nikuwekee zote?" Unatoa shilingi hamsini. Wimbo ule ule, nikiupakua mwenyewe, nina kichaka cha sheria cha kujifichia. Akinipakulia yeye kwa hamsini, sheria inamsubiri na faini ya hadi shilingi 400,000 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Sisemi aachwe. Anauza jasho la mtu. Nasema tu kwamba katika biashara nzima ya muziki nchini, huyu ndiye mtu pekee anayejua kwa hakika adhabu yake ni kiasi gani.

Mwanamuziki, kwa upande wake, hajui malipo yake ni kiasi gani. Mwaka 2019 chama cha kukusanya mirabaha cha MCSK kiliwagawia wanachama shilingi 2,530 kila mmoja, na wasanii wakaanika ujumbe wa M-Pesa mitandaoni nchi nzima ikasoma. Gharama ya studio utaifidia vipi na hela hiyo? Mwaka 2022 ikabidi Bunge liandike ndani ya sheria kwamba katika miito ya simu msanii apate asilimia 52, maana bila kuandikwa, mwenye wimbo alikuwa akila makombo ya wimbo wake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba walioandika sheria ya 2001 walijua tungenakili. Hawakutuomba tuache. Waliweka kifungu kwamba vifaa vya kurekodia, mikanda mitupu na kadhalika, vitozwe ada pale vinapoingizwa au kutengenezwa nchini, na ada hiyo imfikie msanii kama fidia ya nakala zetu za nyumbani. Wazo zuri sana, sina utani hapa. Juzi nimenunua memori kadi soko la Daraja Mbili. Muuzaji alinihakikishia ni orijino, akaniapia kwa mama yake. Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: katika pesa nilizotoa, familia ya Monyoncho imepata ngapi? Kama wamepata, niambie, nipunguze kelele bafuni. Kama hawajapata, basi mimi si mwizi peke yangu, na ningependa tukae kizimba kimoja.

Ninachoomba ni kidogo. Nipeni namba ya paybill. Nitume shilingi kumi kwa kila wimbo wa zamani ulio kwenye simu, moja kwa moja kwa mwenyewe au kwa watoto wake, bila kupita mezani kwa chama, kamati wala semina ya Naivasha. Kwaya ya huku kwetu nitawapa ishirini, kwa sababu nimeona shida waliyopata kukodi kamera.

Nasubiri jibu lako. Na kwa kuwa kazi ya maandishi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, barua hii ni mali yangu. Ofisi yako imeruhusiwa kutoa nakala moja ya kuweka kwenye faili, kwa matumizi ya binafsi, mradi karani aisome kwa sauti na kutaja chanzo.

Ni mimi,
Msikilizaji wa Nyanchwa, Kisii.