Fundi wa Dakika Kumi

Shemeji yangu wa Atlanta ana bisibisi moja na imani isiyo na mipaka. Januari alibandua themostati ya zamani ya pampu ya joto, akaweka mpya yenye kioo cha kugusa. “Dakika kumi tu, shem!” Kweli, dakika kumi baadaye tuliomba joto, tukapewa upepo wa friji. Kila tukipandisha nyuzi, nyumba inazidi kupoa. Mama mkwe akavaa koti juu ya kanga mbili.

Shemeji akailaumu mashine, akalaumu umeme, akalaumu baridi yenyewe. Fundi alipokuja hakufungua hata sanduku la vifaa. Aliulizia waya mmoja tu: ule unaoamuru vali igeuze njia ya gesi, nyumba ipashwe au ipozwe. Mashine nyingi huutia umeme zikipoza, yaani herufi O. Chache zikipasha, yaani herufi B. Yetu ni ya B, themostati imeambiwa O. Akagusa kioo mara mbili, akaandika bili.

Ndugu msomaji, kabla ya kung'oa themostati ya zamani, zima umeme, kisha piga picha nyaya zake na herufi zake. Picha ni bure; fundi si bure.