Silabi Gizani

Kujifunza kusoma hakuanzii kwenye kitabu bali kwenye sikio, kwa kuwa kabla mtoto hajajua kuwa alama fulani huitwa herufi, ni lazima kwanza agundue kuwa maneno anayoyasema kila siku yanaweza kukatwa vipande. Uwezo huo huitwa utambuzi wa sauti, na ndio unaomfanya asikie kwamba “baba” na “bata” huanza kwa namna moja. Kiswahili humrahisishia kazi hiyo, maana kina irabu tano tu zisizobadili matamshi popote ziandikwapo, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo mtoto aliyekwisha kuimba ba, be, bi, bo, bu ana haki ya kudhani kuwa safari imekaribia mwisho. Matatizo huanza pale mzazi anapoamua kusaidia.

Mzazi anayezungumziwa hapa ni wa Dar es Salaam, na mwandishi anamfahamu kwa ukaribu usiofaa kuelezwa zaidi. Kwa kuwa tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania umejikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, baba huyu alitaka mwanawe wa miaka mitano afike darasa la kwanza akiwa na K zote tatu mfukoni. Mtoto, hata hivyo, asubuhi hufundishwa kwa Kiingereza chekechea na jioni kwa Kiswahili sebuleni, na kati ya asubuhi na jioni herufi hubadili majina bila kumwarifu yeyote. E ya asubuhi huitwa kwa sauti ambayo jioni ni mali ya I, nayo I ya asubuhi huitwa “ai”. Kwa hiyo mtoto mtiifu, asiyetaka kumvunjia heshima mwalimu wala baba, husoma “meza” kama “miza” na “pete” kama “piti”. Dawa yake inajulikana: mtoto afundishwe sauti ya herufi kabla ya jina lake. Baba alishauriwa hivyo na mkewe, na labda ndiyo maana ushauri huo ulichukua wiki tatu kukubalika.

Baada ya herufi zikafuata silabi, yaani vipande vya neno vinavyotamkwa kimoja kimoja kwa mkupuo, ambavyo mtoto huvihesabu vizuri zaidi kwa kupiga makofi. “Mbuzi” alipata makofi mawili, mbu na zi, wote wakaridhika. Alipofika “mbu”, mtoto alipiga kofi moja, kwa hoja isiyo na dosari kwamba mbu ni mbuzi aliyepungukiwa na zi. Ukweli wa kiisimu ni kwamba “mbu” ana silabi mbili, m na bu, kwa sababu mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno fupi kama hilo hulazimika kuiacha m isimame peke yake ili mkazo upate pa kukaa. Baba aliikumbuka nusu ya kanuni hiyo, akapiga makofi mawili, kisha akashindwa kueleza kwa nini mbu mdogo ana silabi nyingi kuliko yule aliyemo ndani ya mbuzi. Mjadala ulifungwa na mbu halisi aliyetua shavuni mwa baba, akapigwa kofi la tatu, ambalo mtoto alilihesabu pia.

Lililo gumu kuligundua ni kukariri, yaani kutoa maneno kichwani bila macho kuyapitia maandishi, kwani kwa mtazamaji hakuna kinachofanana zaidi na kusoma. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kusalimia, mtoto aliitwa mbele yake akiwa na kijitabu cha sungura na fisi, akasoma kwa madaha huku kidole kikitembea chini ya mistari. Ukurasa wa tatu umeme ulikatika. Mtoto aliendelea kusoma gizani bila kukosea hata neno, na alipofika mwisho wa ukurasa akasikika akiufunua.

“Mashaallah,” alisema mama mkwe, “mtoto huyu ana macho.”

Umeme ulikuwa umekwisha kwenye luku, mita ambayo jina lake ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Baba alinunua mwingine kwa simu, kisha akampa mtoto simu hiyo amsomee tarakimu 20 huku yeye akizibonyeza ukutani. Huku ndiko kusoma kwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzikariri tarakimu za umeme ambao haujanunuliwa. Jaribio la kwanza lilikwama kwenye 6 na 9. La pili taa zikawaka.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa mtoto ujumbe ulipoingia kutoka kwa wale wanaokopesha watu kwa simu.

“Soma, mume wangu, soma,” bibi alimhimiza mjukuu wake.

“U-na-da-i-wa,” mtoto alisoma, kidole kikiwa juu ya kioo, bila picha na bila msaada wa mtu. Baba alinyoosha mkono kuichukua simu, lakini mtoto alikuwa amekwisha kupakatwa na bibi yake. Baada ya kuunganisha silabi hufuata ufahamu, yaani kupata maana ya kilichosomwa, nao ulifuata palepale.

“Bibi, kudaiwa ni nini?”

Bibi alifafanua kwa mifano, mmojawapo ukiihusu mahari ya mama yake mtoto, kisha akauliza ni kiasi gani. Mtoto, ambaye jioni hiyo alikuwa amepata mazoezi ya kutosha, alianza kushoto, akataja tarakimu moja baada ya nyingine, na safari hii hakuchanganya 6 na 9.