Ukialikwa Mkutano wa Mabaraza Babati: Mwongozo wa Mjumbe

Barua ya mwaliko ikikufikia, isome mara mbili kabla ya kuwatangazia majirani. Mara ya kwanza tafuta tarehe na ukumbi. Mara ya pili tafuta mstari wa nauli. Mjumbe wa baraza la kata hana mshahara, na mkutano unaowaita watu wasio na mshahara kutoka Kiteto, Simanjiro na Mbulu bila kusema nani analipia basi umeshachagua nani atahudhuria na nani atabaki nyumbani. Mstari usipoonekana, mpigie simu aliyesaini barua umuulize. Usione aibu. Mama anayeacha biashara yake ya mboga siku tatu kwa ajili ya migogoro ya watu wengine ana haki ya kuuliza nauli kwa sauti kubwa.

Kufika Babati si kazi. Ukitokea Arusha ni takriban kilomita 170 za lami. Ukitokea Dodoma unapita Kondoa kwenye barabara iliyozinduliwa 2018. Wa Singida nao wana lami yao. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu, kwa hiyo stendi imezoea wageni wenye mabegi na bahasha za khaki. Beba sweta, maana upepo unaoshuka Mlima Kwaraa usiku hauheshimu umri. Jioni ukitaka kuliona Ziwa Babati, nenda jua likiwa bado juu, urudi mapema. Ziwa lina viboko, giza likiingia hutoka majini kutafuta malisho, na kiboko haitikii wito wa baraza.

Kitu muhimu kuliko sweta ni jalada moja. Chagua shauri lililowashinda, lile mlilokaa nalo vikao vinne wazee wakarudi nyumbani wanaumwa kichwa. Funika majina ya wadaawa, toa nakala, uweke kwenye begi. Kila mjumbe hufika na hadithi ya ushindi wake. Anayefika na shauri lililomshinda ndiye atakayeondoka na kitu, kwa sababu ukumbini watakuwemo watu kadhaa waliowahi kukwama palepale na mmoja wao alijinasua.

Ratiba itasema saa mbili kamili asubuhi. Fika saa mbili kamili. Mgeni rasmi anaweza kufika saa nne, na saa hizo mbili za kusubiri ni sehemu bora ya mkutano mzima. Usizimalize kwenye simu. Tafuta mtu ambaye kata yake haifanani na yako. Ukitoka kwa wafugaji, kaa karibu na mtu wa Magugu akueleze ugomvi wa maji ya majaruba ya mpunga. Ukitoka mjini, mtafute mzee anayelijua Bonde la Kiru, ambako wanavijiji na wenye mashamba makubwa wamevutana kwa miaka mingi, akusimulie inavyokuwa kupatanisha watu ambao upande mmoja una jembe na upande wa pili una hati na mwanasheria. Msalimie kwanza, shikamoo yenye nafasi ya kujibiwa na kuulizana habari za nyumbani. Kisha usimuulize changamoto zake ni zipi, maana atakupa jibu la semina. Muulize: “Mzee wangu, shauri la mwisho lililokunyima usingizi lilikuwa la nini?”

Meza kuu ikijaa, itifaki itazingatiwa na hotuba itasomwa. Sikiliza kwa kalamu. Mahali hotuba inaposema serikali inatambua mchango wenu, andika sentensi hiyo kama ilivyo, kisha acha nusu ukurasa wazi chini yake. Nusu hiyo ni ya jibu la swali utakaloliuliza zamu ya maswali ikifika: kutambuliwa huko kumo kwenye fungu gani la bajeti ya halmashauri, na kunahesabika kwa karatasi, kwa nauli ya kwenda kukagua mpaka, au kwa kitu gani? Uliza kwa adabu, ukiwa umesimama, ukitaja kata yako. Ukipewa jibu la jumla, shukuru, kisha uombe tarehe.

Wakati wa chai utasikia manung'uniko, nayo yana historia. Sheria ya Mabaraza ya Kata ni ya 1985. Ile ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 ikayapa mabaraza uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha. Sasa kwenye ardhi baraza linapatanisha tu. Likishindwa linatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila hati hiyo. Wajumbe wa zamani watakwambia, chapati mkononi, kwamba wamenyang'anywa meno.

Usiwaitikie haraka. Mimi naamini wamebakiziwa kazi ngumu zaidi na yenye heshima zaidi. Hukumu inahitaji mtu mmoja mwenye mhuri. Suluhu inawahitaji wote wawili wanaogombana. Ndugu wawili wakipelekana wilayani kwa ajili ya hatua sita za shamba la marehemu baba yao, mmoja atashinda, na watoto wao hawatakwenda kwenye misiba ya upande wa pili. Wakikaa chini ya mti na watu wanaowajua tangu wakiwa wadogo, inawezekana siku ya mwisho wakapanda minyaa mpakani kwa mikono yao wenyewe, huku kijiji kikishuhudia. Sheria inamzuia wakili kusimama hapo kama wakili, na nadhani iliona mbali: mbele ya baraza watu huzungumza kwa midomo yao, na aliyekuja kugombana mara nyingi huanza kueleza kilichomuuma, ambacho hakikuwa ardhi.

Kwa hiyo kwenye kazi za vikundi, mwezeshaji akishabandika bango kitita na kuuliza nani ataandika, inuka uchukue kalamu ya wino mzito wewe. Anayeandika ndiye anayeamua nini kinabaki ukutani. Mtu akisema “elimu zaidi itolewe”, mwombe aseme elimu ya nini, kwa nani, kabla ya mwezi gani. Mwingine akikiri kwamba kwao hati ya kushindikana hutolewa siku ileile ya kwanza, kabla mjumbe yeyote hajakanyaga shamba linalogombewa, usimcheke, lakini liandike kwa herufi kubwa. Hilo ndilo donda. Mwananchi aliyetembea tangu alfajiri hakuja kuchukua karatasi ya kumsukuma mbele.

Andikeni pia habari ya akidi. Baraza la kata lina wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na kwa mambo ya ardhi watatu kati yao sharti wawe wanawake. Kikao cha usuluhishi huwa na wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke. Mahakama za juu zimeshafuta mienendo ya mabaraza kwa sababu karatasi haikuonyesha nani alikaa siku ile na kama mwanamke alikuwepo. Hebu fikiria kazi ya miezi kufutwa kwa kukosa mstari mmoja. Tarehe, jina, jinsia, saini, kila kikao, hata kikao cha robo saa.

Atakayesema wanawake wameongezwa ili kujaza idadi, mwelekeze kwa Wadatoga, majirani wa hapohapo Manyara. Wanaanthropolojia waliandika tangu miaka ya 1960 juu ya baraza la wanawake wa Kibarbaigi, tawi la Wadatoga, lililoweza kumwita mwanamume aliyewakosea na kumtoza faini ya ng'ombe. Halikusubiri sheria ya Bunge. Kwenye usuluhishi wa mirathi mara nyingi mjumbe mwanamke ndiye anayejua mjane alilima upande gani kwa miaka ishirini, kwa sababu walikuwa wakipita njia moja kwenda kisimani. Akinyamaza kwenye kikundi chenu, mpe nafasi ya kwanza ya kuzungumza badala ya kumwachia neno la shukrani mwishoni.

Mtendaji wa kata atakuwepo pia, na kuna jambo mnapaswa kuliweka sawa naye. Kisheria yeye ni mlinzi wa amani. Cheo hicho kimetoka Uingereza, ambako sheria ya 1361 iliwapa watu wa mahali kazi ya kulinda utulivu wa maeneo yao. Mtuhumiwa anayetaka kukiri kosa la jinai anaweza kupelekwa kwa mlinzi wa amani, na maelezo hayo huweza kufika mahakamani. Baraza lenu halina kazi hiyo. Mtu akianza kukiri wizi wa ng'ombe katikati ya usuluhishi wa mpaka, simamisheni kikao na msimhoji.

Kabla ya maazimio, chomekeni mfano wa Rwanda. Huko wapatanishi, abunzi, huchaguliwa na wananchi na hufanya kazi bila mshahara kama ninyi, lakini serikali imewalipia bima ya afya pamoja na familia zao. Hilo linaeleweka kwa mgeni rasmi yeyote, na linatosha kuwa azimio moja peke yake. Mjumbe wa miaka sitini anayepanda mlima kuangalia jiwe la mpaka anastahili kutibiwa akiteguka.

Maazimio yakisomwa, hesabu mangapi yana jina la mhusika na tarehe. Yasiyo nayo, nyoosha mkono kabla watu hawajapiga makofi. Saini mahudhurio, pokea nauli yako, hesabu mbele ya mhasibu, mshukuru mama wa jikoni kwa chakula. Chukua namba ya simu ya yule mzee uliyezungumza naye mkisubiri mgeni rasmi. Ukirudi, kabla ya kikao chenu cha kwanza, mwombe mwenyekiti nafasi ya ajenda ya pili, usome maazimio yote kwa sauti, na likiwemo azimio la karatasi na nauli ya kukagua mipaka, lipelekwe kwa diwani likiwa na mihuri na saini za wajumbe wote, nakala moja ibaki kwenye kabati la baraza.