Waraka kwa Waandishi wa Habari wa Kisangani

Waheshimiwa waandishi,

Salamu kutoka Bafwasende, na poleni na safari. Barabara ya taifa namba 4 tunaijua: zaidi ya kilomita 250 kutoka Kisangani, na matope yake. Hata hivyo huwa mnashuka mashati yakiwa bado na alama za pasi. Magari ya viongozi yana vioo vinavyofunga vizuri.

Jioni huwa tunawasikia redioni mkisema mkutano wa viongozi hao ulifana na wananchi wamefurahi. Ahsanteni kwa kutujulisha, maana furaha hiyo ilitupita. Ng'ambo ya mto Lindi hatukuwaona, wala kwenye machimbo ya dhahabu, ambako wachimbaji wangewaeleza nani anawatoza ushuru na kwa risiti ipi. Labda kule hakuna mgawa bahasha.

Kuhusu bahasha hiyo, coupage yenu, hela mnayopewa na wale mnaowaripoti, hatuna haraka ya kuwahukumu. Kuna wenye redio wanaompa mwandishi kadi ya kazi, kisha wanamwachia mshahara akautafute kwa wale anaowaripoti. Waraka huu unawahusu wao pia, kama wana muda wa kusoma. Ila mtufumbulie jambo moja: mwenye mkutano husema hela hiyo ni ya usafiri. Usafiri gani tena, kwa mtu aliyeletwa na gari la huyo huyo mlipaji?

Ipo pia bahasha ya pili, ya kuzuia habari isitoke. Mkataba wa Munich wa 1971, unaoheshimiwa na waandishi wa nchi nyingi, unakataza kunufaika kwa kutangaza habari na kwa kuificha. Nanyi mlijiwekea kanuni zenu za maadili mwaka 2004. Tunaamini zimehifadhiwa vizuri. Karatasi isiyofunguliwa haichakai.

Mama muuza chikwange ana habari. Mwalimu ana habari. Bahasha hawana, basi habari zao zinaishia sokoni.

Hatuwaombi mkatae gari. Kwa miguu hamtafika. Ombi letu ni sentensi moja tu: mwisho wa kila ripoti, kabla ya muziki, mtaje nani alilipia gari, chakula na kitanda. Yaliyobaki tutayapima wenyewe.

Wenu kwa heshima,
Msikilizaji wa Bafwasende